Mayai ya kuvuruga yenye nyanya na kitunguu: kwa nini yanatoa maji sahanini?

Kikaango24 anauliza:

Wakuu, salaam. Naomba tujadili mayai ya kuvuruga, yale ya asubuhi yenye kitunguu, nyanya na hoho. Kwenye kikaango yanaonekana mazuri, lakini yakikaa sahanini dakika tatu tu yanaachia maji mekundu mepesi, mkate unalowa, na mayai yenyewe yanabaki punjepunje ngumu.

Vipimo ni hivi: mayai 4 ya kisasa, kitunguu maji kimoja, nyanya 2, hoho nusu, maziwa robo kikombe na chumvi. Kikaango ni kile kisichoshika cha sentimita 24, jiko la gesi, moto wa kati. Kitunguu kinatangulia, inafuata hoho, kisha nyanya, halafu mayai yaliyopigwa pamoja na maziwa yanamiminwa juu yake.

Maji hayo yanatoka kwenye nyanya au kwenye maziwa? Na chumvi je, mwanzo au mwisho? Anayejua sababu yenyewe anieleze, maana mazoea kila mtu anayo.

FundiJiko:

Mkuu, umeuliza nyanya au maziwa. Ni vyote viwili, na cha tatu ni moto. Nyanya nawaachia wengine, mimi nianze na moto.

Robo tatu ya yai ni maji. Ute unaanza kushika kwenye nyuzi joto 62 hivi, kiini kati ya 65 na 70, na ukishavipiga pamoja, mchanganyiko unashika vizuri ukikaribia 73. Kinachotokea ni kwamba protini zinajikunjua kwa joto, zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kufanya wavu uliobeba maji ndani yake. Ukiendelea kupasha, wavu unakaza na maji yanakamuliwa nje. Kwa hiyo punje ngumu na maji sahanini ni jambo lile lile, usiyatafutie dawa mbili.

Sasa maziwa. Robo kikombe ni mililita 60, na mayai manne bila maganda ni gramu 200 tu. Hapo protini zimezimuliwa mno, zinahitaji joto kubwa zaidi ili zishike, na zikishika hazina nguvu ya kubeba maji yote hayo. Ukomo ni kijiko kimoja cha chakula kwa mayai mawili. Mimi ningeyaacha kabisa. Ukitaka mayai mepesi, weka maji kijiko kimoja cha chai kwa kila yai, yatageuka mvuke na kuyainua. Ukitaka utamu wa mafuta, weka siagi. Maziwa hayafanyi kazi yoyote kati ya hizo mbili vizuri, ila wengi tumelelewa nayo.

Namna ya kupika, tuache mboga kwanza. Vunja yai moja moja kwenye kikombe kidogo kabla ya kulimimina bakulini, hasa kama trei ilikaa dukani kwenye joto, maana yai moja bovu linakuharibia yote. Piga kwa uma nusu dakika hadi dakika moja, mpaka usione tena uzi wa ute. Usipige mpaka povu lijae bakuli; povu linakauka haraka na kuacha mayai makavu. Bakuli liwe la plastiki, kioo au chuma cha pua. Aluminiamu huyapa mayai rangi ya kijivu.

Kikaango chako cha sentimita 24 ni kipana kwa mayai manne. Tabaka linakuwa jembamba na linaiva kabla hujapata nafasi ya kulivuruga. Sentimita 20 zinatosha, hicho cha 24 kifae mayai sita. Kama ndicho ulicho nacho, punguza moto na uwe mwepesi wa mkono.

Weka siagi kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 15, moto wa kati kuelekea mdogo. Itatoa povu: hayo ni maji yaliyomo ndani ya siagi yanachemka. Povu likianza kutulia na siagi haijabadilika rangi, mimina mayai. Hesabu moja hadi kumi bila kugusa. Kisha kwa mwiko bapa vuta kutoka ukingoni kuja katikati, taratibu, mayai mabichi yatiririke kujaza pale palipobaki wazi. Rudia kuzunguka kikaango. Yakianza kufanya mabonge laini makubwa, punguza moto kabisa, na kuanzia hapo kunja badala ya kukoroga. Jumla ni dakika mbili au mbili na nusu.

Na sehemu inayowashinda wengi ni hii: zima moto mayai yakiwa bado yanang'aa na yamelegea kidogo. Kikaango kina joto la kuyamalizia kwa sekunde 30 nyingine. Ukisubiri yaonekane yameiva ukiwa jikoni, yakifika mezani yamepitiliza.

Shangazi Mapishi:

FundiJiko kasema sawa kuhusu moto, lakini haya maji yana rangi, mwanangu. Maji ya mayai yaliyopitiliza ni ya manjano hafifu. Yakiwa mekundu, hiyo ni nyanya haijakaangwa ikaiva.

Kwa mayai manne nyanya mbili kubwa ni nyingi. Chukua moja kubwa au mbili ndogo, jumla isizidi gramu 100 hivi. Ikate kwa upana katikati, iminye juu ya bakuli mpaka mbegu na ule urojo wake vitoke, ndipo uikatekate. Urojo usiutupe, utafaa kwenye mchuzi wa mchana. Chagua nyanya ndefu zenye nyama nene. Zile za mviringo zilizoiva sana zina maji mengi mno kwa kazi hii.

Kitunguu nusu tu, kikatwe kidogo kidogo. Kikaange kwenye mafuta kijiko kimoja cha chakula kwa dakika nne au tano, moto wa kati, kilainike bila kuungua. Kitunguu kilichowahishwa hubaki kikali na nacho hutoa maji yake baadaye. Hoho iingie dakika mbili za mwisho. Halafu weka nyanya pamoja na chumvi kidogo papo hapo, kwa sababu chumvi inavuta maji ya nyanya yatoke mapema yakiwa bado yanaweza kukauka. Kaanga dakika nne hadi sita. Kipimo si saa, kipimo ni mafuta: ukiburuta mwiko katikati ya kikaango na njia ikabaki wazi, na mafuta yakaonekana pembeni, nyanya imeiva. Ikiwa njia inajifunga kwa majimaji, bado.

Sasa lipo kosa la pili katika mpangilio wako. Unamimina mayai juu ya mboga zinazochemka. Mayai yanaguswa na rojo la moto, yanakatika punjepunje hapo hapo, na rangi inakuwa ya tope. Toa mboga kwenye kisahani, futa kikaango kwa karatasi au kitambaa safi, weka siagi mpya, pika mayai kama alivyoeleza FundiJiko, na yakibaki nusu dakika kuiva rudisha mboga na uzikunje mara mbili tatu tu. Utapata mabonge ya manjano na vipande vyekundu, kila kimoja na ladha yake.

Kwa asiyetaka kutoa mboga: zikishaiva, ondoa kikaango motoni dakika moja, zisogeze upande, kisha mimina mayai upande wa pili. Si sawa kabisa na kuzitoa, ila inasaidia.

Mboga nyingine nazo zina masharti. Spinachi na mchicha vichemshwe dakika moja, vikamuliwe kwa mkono mpaka visidondoke tena. Uyoga ukaangwe bila mafuta kwanza, utoe maji na yakauke, ndipo uupe siagi. Giligilani inaingia mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa.

DhaniaNaNdimu:

Shikamoo Shangazi. Hapo kwenye mboga sina neno. Ila swali la chumvi halijajibiwa vizuri. Jikoni nyingi watu hufundishwa kuweka chumvi mwisho kwa sababu eti ikiwekwa mapema inayafanya mayai yatoe maji. Na kweli, ukiweka chumvi kwenye mayai yaliyopigwa na kuyaacha, yanakuwa mepesi zaidi na rangi yanabadilika, yanakolea. Kwa hiyo mtu anaamini ameona kwa macho yake. Nashauri iwekwe mayai yakiwa kikaangoni.

FundiJiko:

DhaniaNaNdimu, unachoona bakulini ni kweli, hitimisho ndilo silikubali. Mayai yanakuwa mepesi bakulini kwa sababu chumvi imeanza kuzilegeza protini kabla ya moto. Zikija kupashwa hazikazani kwa nguvu ile, na wavu unabaki na maji yake. Pima mwenyewe: piga mayai manne, gawa mawili mawili. Bakuli la kwanza litie chumvi dakika 15 kabla, la pili litie chumvi mwishoni, pika kwa moto ule ule na muda ule ule, kisha acha kila sahani dakika tano na uiinamishe. La kwanza ndilo litakalokuwa na maji machache.

Kiasi ni robo ya kijiko cha chai kwa mayai manne, kijiko kikiwa kimesawazishwa, yaani gramu moja na nusu hivi. Kama nyanya zimetiwa chumvi kama alivyosema Shangazi, punguza ya mayai. Huna dakika 15? Tia chumvi kabla ya kuanza kukata kitunguu, mboga zikimalizika muda umeshafika.

Na jina lako linanikumbusha ndimu. Uchachu nao, kama chumvi, huyafanya mayai yashike mapema kidogo, kwenye joto la chini, lakini yakiwa laini. Matone machache tu. Ukizidisha unakula achari.

DhaniaNaNdimu:

Sawa, jaribio nimelielewa, na ni la haki. Swali lingine basi: mafuta. Siagi ni ghali, nyumba nyingi zina majarini au mafuta ya alizeti. Na vipi samli?

Shangazi Mapishi:

Marahaba. Samli ni nzuri sana, haina maji na haiungui upesi, lakini kwa sababu haitoi povu huna alama ya kukuambia joto limefika. Dondoshea tone la yai: likishika polepole bila kulia, mimina. Likilia na kufanya mapovu pembeni, ondoa kikaango motoni kidogo kwanza.

Majarini soma kopo. Yale mepesi ya kupaka mkate yana maji mengi na yatakurudisha kwenye tatizo la mwanzo; yale mazito ya kuokea yanafaa. Alizeti inakaanga vizuri ila haina ladha, kwa hiyo pikia alizeti kijiko kimoja cha chai, halafu moto ukizimwa kunja siagi baridi kipande kidogo, gramu 10. Hicho kipande kinafanya kazi mbili: kinapoza mayai yasiendelee kuiva, na kinayapa ulaini. Siagi ya mwisho ina faida kuliko ile ya kukaangia, kama ni chache iweke huko.

Walio pwani wenye tui zito wanaweza kulitumia badala ya siagi ya mwisho, kijiko kimoja cha chakula kwa mayai manne. Liwe tui la kwanza. Tui la pili ni maji tu yenye harufu ya nazi.

Mkaa_na_Sufuria:

Naomba niingilie. Maelezo yote ni ya gesi na kikaango kisichoshika. Je, mwenye jiko la mkaa na sufuria nyembamba ya aluminiamu? Mayai yanaganda chini nusu nzima, na juu bado mabichi.

FundiJiko:

Zipo njia mbili, na ya pili ndiyo bora.

Ya kwanza ni kutawala mkaa. Usipike mayai mkaa ukiwa mwekundu wote. Chai ichemke kwanza, mayai yaje mwisho mkaa ukishafunikwa na majivu ya kijivu. Funga mlango wa chini wa jiko upunguze hewa. Sufuria pasha tupu, kisha tia mafuta na uyazungushe yafike pande zote, ndipo uyaache yatulie kabla ya mayai. Mayai baridi kwenye chuma baridi chenye mafuta baridi ndiyo yanayoganda. Tumia mafuta zaidi kidogo, kijiko kimoja na nusu cha chakula kwa mayai manne, na usiiache sufuria ikae juu ya mkaa muda wote: sekunde kumi motoni, sekunde tano imeinuliwa, huku unakwangua chini kwa mwiko wa mbao.

Ya pili ni mvuke. Weka maji kina cha sentimita 3 kwenye sufuria, yakichemka taratibu weka juu yake bakuli la chuma cha pua lisiloguswa na maji. Ndani ya bakuli weka siagi na mayai yaliyopigwa, kisha koroga bila kuacha kwa mwiko au mchapo. Joto haliwezi kupita la mvuke, kwa hiyo hata mkaa ukipanda ghafla hayaungui. Inachukua dakika kumi hadi kumi na mbili kwa mayai manne, na kwa dakika tano za mwanzo utadhani hakuna kinachotokea. Usikate tamaa ukaongeza mkaa. Yakianza kuwa mazito yanageuka haraka, kama dakika mbili tu. Yatoe yakiwa mazito kama uji wa mtoto. Ladha yake ni tofauti, ni laini yasiyo na mabonge. Wafaransa huyapika kwa moto mdogo namna hii. Kuna wasioyapenda kwa sababu wanataka kutafuna kitu. Nyanya za Shangazi wekeni juu, msizichanganye humo.

Kikaango24:

Shangazi, FundiJiko, asanteni sana. Kwa hiyo mayai yaliyolegea yanang'aa ni salama kwa watoto? Na mayai ya kienyeji yanabadilisha vipimo?

Shangazi Mapishi:

Kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na mgonjwa, usiyaache na majimaji. Yafike nyuzi 71, na kama huna kipimajoto, pika mpaka pasiwe na sehemu yoyote inayotiririka ukiinamisha kikaango. Kulegea na kutiririka si kitu kimoja: bonge laini linalosimama lenyewe ni sawa, uteute unaotembea si sawa. Kwa hao ongeza dakika nzima kwenye moto mdogo, usiongeze moto. Mayai yaliyopasuka ganda usiyanunue hata kwa bei ya kutupa. Yenye kinyesi yaoshe pale tu unapotaka kuyavunja, tena yakauke kwanza. Ukiyaosha na kuyaweka unaondoa kinga ya ganda.

Kienyeji ni madogo, mengi huwa gramu 40 hadi 45, wakati ya kisasa ni 55 hadi 60. Kwa hiyo matano au sita ya kienyeji kwa manne ya kisasa. Kiini kinachukua nafasi kubwa zaidi, mayai yanakuwa mazito, kwa hiyo hapo kijiko cha maji cha FundiJiko kinafaa kweli. Rangi ya kiini inatokana na chakula cha kuku, haibadilishi upishi.

Kujua kama yai ni zima, litumbukize kwenye maji. Likilala chini ni jipya, likisimama wima limekaa lakini linafaa, tena kwa kuvuruga halina shida kwa sababu ute wake umeshakuwa mwepesi. Likielea, tupa.

Mzee wa Bufee:

Hakuna aliyegusa wingi, nami naona watu wanapika trei nzima kwa mpigo kwenye misiba na semina halafu wanashangaa mayai ya kijani.

Trei ya mayai 30 ya kisasa ni lita moja na nusu ya mchanganyiko. Usiimimine yote kwenye sufuria moja. Pika mayai 10 hadi 12 kwa awamu, kikaango cha sentimita 30, na kila awamu itolewe ikiwa laini kuliko unavyotaka iliwe. Hifadhi kwenye chombo kilichokalishwa juu ya maji ya moto, kisiguswe na moto moja kwa moja, joto lisishuke chini ya nyuzi 60, na yasikae zaidi ya nusu saa. Kunja siagi baridi gramu 50 kwenye trei nzima yasikauke juu.

Ukijani unatokana na madini ya chuma ya kiini kukutana na salfa ya ute joto likiwa kali au muda ukiwa mrefu. Hayana sumu, lakini nani atakula? Kikaango cha chuma cheusi kinazidisha. Tone la ndimu alilotaja FundiJiko linasaidia, ndiyo maana viwandani huweka asidi ya malimao kwenye mayai ya kimiminika.

Mboga zisichanganywe kabisa kwenye mayai ya bufee. Ziwekwe chombo chake pembeni, kila mtu ajichotee.

Mkaa_na_Sufuria:

Na sufuria iliyogandwa inaoshwaje? Maji ya moto na sabuni naona yanazidisha.

Shangazi Mapishi:

Maji ya moto yanaivisha kile kilichobaki kikazidi kushika. Loweka kwa maji baridi yenye chumvi kijiko kimoja, dakika kumi, kisha kwangua kwa mwiko wa mbao. Sabuni na maji ya moto vije baada ya hapo, kuondoa mafuta.